Barua ya Seneta na Kura Asizozitaja

Kutoka Lincoln, makao makuu ya jimbo la Nebraska nchini Marekani, hadi Scottsbluff upande wa magharibi ni takriban kilomita 640 za barabara. Bunge la jimbo huanza kikao Januari, siku 90 katika mwaka wa witiri na siku 60 katika mwaka wa shufwa, na kamati zake husikiliza maoni ya wananchi siku za kazi, katikati ya baridi kali. Huo ndio msimu ambao ng'ombe huanza kuzaa kwenye ranchi za Sandhills, na mfugaji hukesha akichunga ndama wasife kwa baridi. Mtu huyo haachi zizi akaenda Lincoln kuzungumza dakika chache mbele ya kamati. Kinachomfikia ni barua ya seneta wake, yaani mbunge wake katika Bunge hilo la jimbo: safu ya kila wiki katika gazeti dogo la kaunti, au barua pepe, yenye maelezo ya miswada iliyojadiliwa na tarehe ya mkutano ujao wa hadhara.

Wapo wanaoziona barua hizi kuwa kampeni tu inayolipiwa na serikali. Wapo wanaosema bila hizo watu wa shamba wasingejua lolote. Mimi nataka ziendelee, tena ziongezwe, ila pale zinapobaki kuwa chanzo pekee cha habari za Bunge, mpiga kura wa kijijini anapunjwa.

Nianze na faida, kwa sababu wakosoaji wa mjini huzipuuza. Chukua kodi ya ardhi na majengo. Nebraska hutegemea sana kodi hiyo kuendesha shule, na mzigo humwelemea mwenye ekari nyingi hata mwaka ambao bei ya mahindi imeanguka. Mwaka 2020 Bunge lilipitisha nafuu kwa sehemu ya kodi inayokwenda shuleni, lakini ilimlazimu mlipaji aidai mwenyewe kupitia fomu za kodi ya mapato. Wengi hawakudai, na fedha nyingi zikabaki bila wenyewe. Hali iliendelea hivyo hadi Gavana Jim Pillen alipoitisha kikao maalumu katika kiangazi cha 2024, ambapo sheria ilibadilishwa ili nafuu iingie moja kwa moja kwenye bili. Katika miaka hiyo, seneta aliyeandika aya mbili kueleza fomu ipi ijazwe alimwekea mkulima pesa mfukoni. Gazeti kubwa la Omaha lina habari zake za kushughulikia, na haliwezi kumfuata kila mwenye malisho huko magharibi.

Tena kazi hii hailipi. Mshahara wa seneta wa Nebraska ni dola 12,000 kwa mwaka, na haujapanda tangu 1988. Ofisi yake ina wasaidizi wachache. Anayekaa Ijumaa jioni kuandika kwa lugha nyepesi kile kilichopita wiki nzima anastahili heshima.

Shida iko kwenye yale asiyoyaandika, na hapa ni lazima kuelewa Bunge lenyewe linavyofanya kazi. Nebraska ndilo jimbo pekee la Marekani lenye bunge la chumba kimoja, tangu 1937, kwa msukumo wa George Norris, aliyekuwa seneta wa Nebraska katika bunge la taifa mjini Washington. Lina maseneta 49. Muswada wa kawaida huhitaji kura 25, lakini wapinzani wakiamua kuzungumza mfululizo ili kuuchosha, zinatakiwa kura 33 kuufunga mjadala. Zisipotimia, kwa kawaida muswada umekufa. Sasa kuna njia ya tatu kati ya ndiyo na hapana: seneta huwemo ukumbini na hapigi kura. Kwa hesabu ya 33, kukaa kimya kuna nguvu ileile ya kusema hapana. Lakini ukiandika barua nyumbani, unaweza kusema "muswada haukupata kura za kutosha" bila kutaja kwamba kura yako ni mojawapo ya zilizokosekana. Kila neno la sentensi hiyo ni la kweli, na msomaji bado hajaambiwa jambo alilohitaji kujua.

Kwa Nebraska upungufu huu ni mzito kuliko mahali pengine. Maseneta huchaguliwa bila jina la chama kwenye karatasi ya kura, kwa hiyo mpiga kura hana hata alama hiyo ya kumwongoza. Kilichobaki ni rekodi ya kura. Na kwa kuwa hakuna chumba cha pili cha kukagua cha kwanza, wenyeji hupenda kusema chumba cha pili ni wananchi wenyewe. Naupenda msimamo huo. Ndiyo maana kila muswada hupewa kikao cha kusikilizwa na umma, jambo ambalo majimbo mengi hayalifanyi. Lakini kama wananchi ndio wakaguzi, haifai mkaguzi apokee hesabu kutoka kwa mkaguliwa peke yake.

Zamani seneta hakuwa peke yake. Mhariri wa gazeti la kaunti aliichapa safu ya seneta, kisha ukurasa uleule ukawa na habari aliyoiandika mwenyewe, au barua ya mkulima aliyekasirika. Marekani imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake tangu 2005, na zaidi ya kaunti 200 hazina chombo chochote cha habari za mahali hapo. Yaliyosalia vijijini mara nyingi yana mtu mmoja ambaye ni mhariri, mpiga picha na muuza matangazo. Safu ya seneta humfikia bure na imeshasahihishwa, naye ana ukurasa wa kujaza. Simlaumu. Lakini ikichapwa hivyo bila swali hata moja kando yake, msomaji huichukulia kuwa habari.

Halafu kuna uchaguzi. Aliye madarakani ana safu kila wiki. Mpinzani wake analipia tangazo. Sheria za Nebraska zinakataza kutumia mali ya umma kwa kampeni, lakini barua haihitaji kusema "nichagueni" ili ifanye kazi hiyo. Jimbo la Washington limeweka mipaka kwa barua ambazo mbunge anaweza kuwatumia wapiga kura kwa gharama ya umma katika mwaka wa uchaguzi wake. California, tangu kura ya maoni ya 1988, inadhibiti kwa ukali barua za jumla zinazomtangaza kiongozi. Naelewa nia, na kwa jiji kama Los Angeles sina ubishi nayo. Kwa kaunti isiyo na gazeti naona hatari: ukimnyamazisha seneta miezi kadhaa kabla ya kura, watu watapata habari za Bunge kutoka kwa vikundi vyenye fedha za kununua vipeperushi. Afadhali barua yenye jina la mtu wa kuulizwa.

Wasomaji wa Kiswahili tusidhani haya ni ya wafugaji wazungu tu. Lexington, mji wa watu kama 11,000 katikati ya Nebraska, uliishi kwa kiwanda cha nyama cha Tyson. Zaidi ya nusu ya wakazi wana asili ya Amerika ya Kilatini, na wapo Wasomali, baadhi yao waliopitia kambi za wakimbizi za Kenya. Novemba 2025 kampuni ilitangaza kukifunga kiwanda hicho, kilichokuwa na wafanyakazi wapatao 3,200. Malipo ya wasio na kazi, bima ya afya ya watu wa kipato kidogo, fedha za shule zitakazopoteza wanafunzi: yote hayo huguswa na uamuzi wa Lincoln. Asiye raia hapigi kura, lakini huhesabiwa kwenye sensa, na maeneo ya uchaguzi hugawanywa kwa hesabu hiyo. Ni mtu wa seneta wa eneo hilo sawa na mwenye shamba. Barua isiyotafsiriwa kwa Kihispania wala Kisomali haimfikii, na ofisi inayosema inawatumikia wakazi wote haina kisingizio hapo.

Ningeomba mabadiliko madogo. Mwisho wa kila barua, seneta aorodheshe jinsi alivyopiga kura wiki hiyo, zikiwemo za kufunga mjadala na zile alizokaa kimya. Rekodi hizo tayari ziko wazi kwenye tovuti ya Bunge. Msaidizi anaziandaa kwa muda mfupi. Na mhariri wa gazeti dogo, hata akiwa peke yake, aweke kando ya safu hiyo muhtasari kutoka Unicameral Update, huduma ya habari ya Bunge lenyewe isiyoegemea upande wowote, pamoja na swali moja kutoka kwa msomaji ambalo seneta atalijibu wiki inayofuata. Asipojibu, swali lichapwe tena.