Kodi ya Matumizi, na Mimi Hata Sijaitumia

Mwenzenu nimepatikana. Wala sikupatikana na matapeli, maana hao nimeshawazoea, kila wiki ananipigia mmoja kuniambia bima ya gari langu imekwisha. Nimepatikana na akili yangu mwenyewe.

Naishi Kent, kusini kidogo ya Seattle, jimbo la Washington. Siyo ule mji wa Ikulu. Nimechoka kuwaeleza ndugu zangu wa Handeni kwamba rais sijawahi kumwona hata kisogo. Jimbo letu watu wanalisifia kwamba halikati kodi kwenye mshahara. Ni kweli, halikati. Linakuacha upokee mshahara wako mzima mzima, linakusubiri dukani. Kodi ya mauzo ya jimbo ni asilimia 6.5, halafu mji nao unadokoa, treni nayo inadokoa, mpaka sisi wa huku tunavuka asilimia 10. Mtu aliyezoea VAT ya Tanzania ya asilimia 18 anaona ni mteremko. Tatizo ni kwamba nyumbani bei uliyoiona ndiyo unayolipa. Huku soksi zimeandikwa dola 5, unashika dola yako 5 mkononi, keshia anataja hela nyingine kabisa, unaanza kujipapasa mifukoni na foleni nyuma yako inakutazama kama mwizi wa kuku.

Sasa jirani yangu, mzee mmoja Mmarekani mstaafu, kila ikifika Oktoba anapotea alfajiri na kurudi na bata. Bata mwitu, wale wa kichwa cha kijani. Mwaka jana akatuletea wawili, Mama Zuhura akawaunga kwa nazi ya kopo. Ule mchuzi ndio ulioniponza. Nikajilamba vidole nikasema, na mimi ni mwanamume, babu yangu alikuwa na gobore la kuwatishia ngedere kwenye mahindi, kwa hiyo damu ya usasi ninayo.

Kumbe bata wa Marekani ni mheshimiwa. Kabla hujamgusa, kama umezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1972, hapa jimboni unapita kwanza darasa la uwindaji. Halafu leseni. Halafu stempu ya bata ya serikali kuu, dola 25, ina picha ya bata kama vile ndiye anayegombea ubunge. Na risasi nazo zina masharti. Tangu 1991 ni marufuku nchi nzima kuwinda bata kwa risasi zenye risasi. Rudia kusoma, sijakosea. Ile risasi ya madini wakiidonoa matopeni inawadhuru, kwa hiyo unanunua risasi zisizo na risasi, za chuma. Nilipomweleza mama yangu kwa simu, akauliza kama nakula vizuri huko niliko.

Nikaja kwenye bunduki yenyewe. Nilitaka shotgani ya kukoki kwa mkono, ya kawaida tu. Duka la hapa mtaani walikuwa nayo kwa dola 459, kabla ya kodi. Nikaishika, nikaikoki mara moja, ikalia ule mlio wake, nikairudisha taratibu nikasema nitarudi. Nilipofika nyumbani nikaingia mtandaoni, nikaikuta hiyo hiyo kwenye kiduka kimoja cha Montana kwa dola 420, usafirishaji dola 30. Montana hawana kodi ya mauzo. Nikabofya mpaka ukurasa wa mwisho, na hapo ndipo nilipoona maandishi matamu kuliko yote niliyowahi kuyasoma katika nchi hii. Kodi: 0.00.

Niliipiga picha ile sifuri. Nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp la wanaume, nikaandika chini yake, "Wengine tunatumia kichwa."

Akatokea mjuaji mmoja akauliza: si tangu ile hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 2018 majimbo yanaruhusiwa kuwadai kodi ya mauzo hata wauzaji wa mbali? Nikamjibu kwa kujiamini kwamba wanaobanwa ni wanaouza kwa wingi, hicho kiduka hakifiki huko. Na hapo nilikuwa sahihi kabisa. Ndicho kinachoniuma. Nilikuwa nimesoma, ila nilisoma nikaachia njiani, kama mtu anayejua mwanzo wa Itikafu ya msikitini na hajui mwisho wake.

Bunduki haiji mlangoni kama viatu. Sheria ya mwaka 1968 inasema ikitoka jimbo lingine lazima ipokelewe na muuzaji wa kwenu mwenye leseni, naye akukabidhi baada ya ukaguzi wa rekodi yako. Wa karibu yangu ni nani? Ni yule yule wa dola 459. Nikaingia nimeshusha kofia, lakini yule mzee wa ndevu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, alinikumbuka. Hakusema neno. Alichana boksi kwa kisu kidogo, harufu ya mafuta ya bunduki ikatoka, akaitazama namba yake, akanisogezea fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kujaza kabla muuzaji hajakukabidhi bunduki.

Hiyo fomu ni mtihani wa Necta. Jina lote kamili, hawataki herufi moja moja, na mimi nina la baba na la babu. Nikashuka na maswali. Je, wewe ni mtoro unayekimbia sheria? Nikafikiri, nani huyo mtoro atakayeandika ndiyo? Nikaweka hapana, nikakabidhi pamoja na cheti cha mafunzo ya usalama, maana tangu 2024 hapa bila hicho hupewi bunduki.

Mzee akavaa miwani yake. Akavuta kikokotoo. Dola 40 ada ya kupokea na kukabidhi, hiyo nilikuwa naijua. Kisha akaendelea kubonyeza.

"Hiyo nyingine ya nini?"

"Kodi ya matumizi."

"Nimeitumia lini? Si iko mkononi mwako?"

"Utaitumia."

"Na nikiitundika ukutani?"

"Kuitundika ni kuitumia."

Akanifafanulia bila haraka, inaonekana si mara ya kwanza. Jimbo lilianzisha kodi ya mauzo mwaka 1935, na mwaka huo huo likaweka pacha wake, kodi ya matumizi, kwa ajili ya watu wenye kichwa kama changu. Ukileta kitu kutoka nje ambacho hakikukatwa kodi ya mauzo, unalipa kodi ya matumizi kwa kiwango kile kile. Yeye hakuniuzia kitu, lakini kwa kuwa bunduki inapitia mikononi mwake, kazi ya kukusanya ni yake. Na hesabu haianzi kwenye dola 420. Gharama ya usafirishaji nayo ni sehemu ya bei! Kwa hiyo nimelipia kodi mpaka kile kiti alichokalia dereva wa lori kutoka Montana. Dola 46 kasoro vijisenti.

Hapo akili ikanirudia, nikaliona kosa langu. Kuna ndugu yetu mmoja, simtaji, kila akitaka kochi au televisheni anashuka Portland, Oregon, ambako kodi ya mauzo hakuna. Anarudi nalo juu ya gari, anapita barabara kuu anapiga honi. Kisheria naye anadaiwa kodi hiyo hiyo. Lakini kochi halina fomu 4473. Kochi halikabidhiwi na mzee mwenye miwani ya kamba. Kochi limeachiwa dhamira yako, na dhamira ya yule bwana ikishavuka daraja la mto Columbia inalala usingizi. Mimi katika bidhaa zote za duniani nilichagua kukwepa kodi kwa ile moja ambayo lazima ipite mezani kwa mtu.

Sasa piga hesabu nami. 420 na 30 ni 450. Weka 46, weka 40. Dola 536. Ile ya dukani pale pale, 459 na kodi yake, ingekuwa kama dola 506. Yaani nimelipa dola 30 zaidi ili niepuke kodi, na kodi nimeilipa. Na kuna nyingine ambayo hata haionekani: serikali kuu inamkata mtengenezaji asilimia 11 kwenye bunduki ndefu, naye anaichomeka kwenye bei, na kwa sheria ya 1937 hela inakwenda kutunza wanyamapori. Hao bata nimeanza kuwalisha kabla sijawaona.

"Haya, nipe bunduki yangu niende nikaitumie."

"Siku 10," akasema mzee. "Za kazi."

Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Nimetoka pale na risiti ya kodi ya matumizi, bunduki imebaki dukani haitumiwi na mtu.

Naingia nyumbani, namkuta mzee jirani uani anafagia majani. Nikamsimulia, nikitegemea pole. Akaegemea ufagio wake. "Mbona hukuniambia? Mimi ninazo mbili za aina hiyo. Moja ningekuachia kwa 300."

Nikamwuliza, na kodi? Akacheka. Watu wawili wasio wafanyabiashara wakiuziana wenyewe kwa wenyewe, tangu sheria waliyoipigia kura wananchi mwaka 2014 lazima waende kwa muuzaji mwenye leseni ukaguzi ufanyike, lakini sheria hiyo hiyo ikaandika kwamba wakishafuata utaratibu, kodi ya mauzo na ya matumizi hazihusiki. Duka ni lile lile. Fomu ni ile ile. Mzee ni yule yule na miwani yake. 300 na ada ya 40, basi.

Mama Zuhura alikuwa mlangoni muda wote huo, mwiko mkononi. Kiingereza cha hesabu anakielewa kuliko mimi. Hakugomba. Aliuliza tu bata mmoja ana kilo ngapi, nikasema labda moja, akasema dukani kuku mzima wa kuokwa ni dola 8 na wameshamnyonyoa. Akaingia ndani.

Usiku nimefungua simu. Ile picha ya sifuri bado iko juu kabisa kwenye kundi, kiongozi ameibandika isipotee. Yule mjuaji wa hukumu ya 2018 amenifuata pembeni: kaka nimekukubali, na mimi nimeagiza kule kule Montana, nielekeze duka zuri la kuipokelea.

Nimemtumia ramani mpaka mlangoni kwa mzee wa ndevu. Nikamwambia awahi asubuhi, jioni kuna foleni.