Shikamoo Mzee Korongo

Nilichimba bwawa ili nile samaki. Mpaka leo anayekula ni mwingine, tena anakula kabla sijapiga mswaki.

Simsingizii. Nimemshuhudia kwa macho yangu haya, povu la dawa ya meno likinitiririka kidevuni. Korongo kasimama ukingoni, shingo kaikunja, katulia tuli kama mtu anayesubiri mshahara. Dakika tano hapepesi. Ghafla, chap! Perege wangu yuko mdomoni. Halafu, kwa ustaarabu wote, anamgeuza ili kichwa kitangulie, miba isimkwaruze koo. Uvimbe ukateremka kwenye ile shingo taratibu, nami nauaga kwa macho. Nilimlisha pumba miezi minne, jamani!

Nikaokota jiwe. Jirani akapiga kelele ng'ambo ya uzio: "Weka chini hilo! Huyo ana sheria!"

Nikadhani utani. Nikaenda kwa afisa wanyamapori, akathibitisha: usimuue, usimwekee sumu wala mtego, kiota chake usikiguse. Ukiona huna budi, omba kibali kwanza. Nikamuuliza, na samaki wangu wanalindwa na nani? Akanitazama. "Na wewe."

Haya, nikajiajiri ulinzi. Nikasimamisha sanamu ya mtu, nikaivika koti langu la harusi ili iheshimike. Siku mbili korongo hakutua. Siku ya tano nikamkuta kakaa begani mwa sanamu, na koti limepata madoa ambayo sitayaeleza hapa. Nikaambiwa kosa langu ni kuiacha mahali pamoja, ndege si mjinga, anazoea. Sasa nihamishe mtu wa majani kila asubuhi kama mwalimu anayebadilishwa vituo?

Mwingine akanishauri niweke korongo wa plastiki, eti wa kweli akimwona atadhani eneo lina mwenyewe. Wiki ya pili nikahesabu korongo watatu: wangu wa plastiki na wageni wake wawili.

Afisa alipokuja kuona, alicheka mpaka akashika kiuno. Bwawa langu kingoni lina kina cha sahani, na linateremka polepole. Korongo kwa kawaida hatumbukii majini kutoka angani. Anatua pembeni, kisha anaingia kwa miguu. Kumbe nilimjengea ngazi! Basi nikachimba upya, kingo zikasimama wima, katikati maji yakazidi mita moja, nikatupia na vipande vya mabomba samaki wajifiche. Mgongo mpaka leo unanidai.

Ukingoni nikazungusha kamba mbili, moja chini na moja juu yake, zimkwaze akija kwa mwendo wake wa kiwaziri. Lakini kamba hazimhusu mnandi, yule mweusi anayepiga mbizi kabisa. Mkubwa mmoja anaweza kumaliza karibu nusu kilo ya samaki kwa siku, na anatoka majini anatandaza mabawa juani kama mtu aliyefua. Kwa ajili yake nikatandika wavu juu ya bwawa zima. Nao una masharti: uvutwe ukaze kama ngozi ya ngoma, uinuliwe mbali na maji. Ukilegea, ndege atanasa mabawa, na hapo mwenye kesi ni mimi.

Wavu umefanya kazi. Samaki wamenona. Tatizo, kumtoa mmoja wa chakula cha jioni nifungue mafundo ishirini, na mama watoto ameshaniuliza mara mbili kama bwawa ni la samaki au la maonyesho.

Jana nikajitahidi, nikafungua kona moja. Nikageuka mara moja tu kuchukua ndoo.

Kurudi, kasimama palepale kwenye kona, shingo kaikunja, ananitazama mimi kama ndiye niliyevamia.

Nikaweka ndoo chini. "Shikamoo, mzee."