Sistimu mpya ya tovuti: wahariri tunalia, lakini tunalilia kitu sahihi?

Ofisi ikibadilisha sistimu ya kuchapisha stori kwa tovuti, wiki ya kwanza hapa Nairobi huwa ni ile ile, watu wa IT wanatembea wakitabasamu, wahariri wamenuna, na kuna mtu wa deski ya michezo anauliza kila saa kwani kitufe cha kuchapisha kilienda wapi. Wote wako na haki kiasi. Naanza na upande wetu wahariri juu ndio naujua.

Mhariri akishazoea kazi, vidole ndio vinahariri. Unapesti stori, unasafisha, unaweka picha, inaenda hewani. Sasa sistimu nyingi za siku hizi hazikupi tena boksi moja kubwa jeupe, zinakupa vipande, aya ni bloku yake, picha bloku yake, nukuu pia, halafu kando kuna viboksi vya kujaza, kapsheni, kategoria, tagi, muhtasari, na zingine ofisi imezipanga hivi kwamba usipojaza huchapishi. WordPress, moja ya sistimu hizo za tovuti, walipoleta bloku na toleo la 5.0 Desemba 2018, watu walilalamika hadi Classic Editor, plagini ya kurudisha boksi la zamani, ikawekwa kwa mamilioni ya tovuti, na bado iko na watu wake. Hao wote si wazee wanaoogopa kompyuta. Kumbuka siku kama Juni 25, 2024, waandamanaji wameingia Bunge, habari inabadilika kila dakika, ripota anakutumia mistari mitatu kwa WhatsApp akikimbia, intaneti yenyewe inasuasua, halafu sistimu inakwambia jaza muhtasari kwanza. Muhtasari wa nini na stori yenyewe haijaisha?

(Na zile laini nyekundu chini ya kila neno la Kiswahili, eti nimekosea spelling ya "wananchi". Tuachane na hiyo.)

Lakini tuseme ukweli, lile boksi jeupe lilikuwa linatufichia mengi. Tulikuwa tunapesti kutoka Word na takataka zake zote, fonti tatu tofauti, rangi, nafasi za ajabu, kwa kompyuta ya ofisi inaonekana safi kumbe mtu anayesomea simu ndani ya matatu ya Githurai anaona jedwali limekatwa nusu, na wasomaji wengi ndio hao wa simu. Stori iliyogawanywa vipande inajipanga vizuri zaidi kwa skrini ndogo. Yale maelezo ya picha tunayoyachukia ndiyo simu inamsomea mtu asiyeona. Kisha kuna usalama, hapo sina ubishi kabisa: Drupal 7, sistimu nyingine ya tovuti iliyotoka 2011, ilikatiwa msaada rasmi Januari 2025, na tovuti inayobaki kwa sistimu ya aina hiyo bila mtu wa kuiziba matundu inangoja tu kuvamiwa. Kwa hivyo kwa mambo ya viboksi mimi niko upande wa IT, bora waweke njia ya dharura, kichwa na aya mbili ziende hewani, hayo mengine tujaze baadaye.

Kinachoniudhi ni kwamba kelele zote ni za vitufe, na vitufe tutazoea. Stori za zamani je?

Mkihama kwa sistimu mpya, mara nyingi anwani za stori zinabadilika. Chukua stori ya Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais, hiyo watu bado wanaitafuta, wanafunzi wa sheria, waandishi wenzetu, na linki yake imetapakaa kila mahali. Kama hakuna aliyeelekeza anwani ya zamani kwa mpya, ile wanaita ridairekti ya 301, msomaji anakutana na 404, yaani ukurasa haupatikani, na anaenda zake, na Google wenyewe wanashauri ridairekti zikae angalau mwaka 1. Hata stori ikifika salama inaweza kufika bila picha, tarehe imekuwa ya siku ya kuhama, jina la mwandishi limegeuka "Admin", yaani mtu alilala nje akifuata habari na leo kazi yake ni ya Admin. IT watakuonyesha ripoti kwamba stori zote zimehamishwa na hawadanganyi, wamehesabu, ila kuhesabu si kusoma, na wao hawawezi kujua ni stori gani nchi itaitafuta tena kesi au uchaguzi ukija.

Hiyo tunaijua sisi wa deski. Kwa hivyo badala ya kupigania rangi ya dashibodi, kila deski ichague stori zake nzito za miaka ya nyuma, izifungue kwa simu ikitumia linki za zamani, iangalie tarehe, jina na picha, na ifanye hivyo seva ya zamani ikiwa bado inawaka, juu ikishazimwa utamwomba nani akurudishie.