Kamanda na Kipande cha Kisutu

Mama mkwe wangu ana dawa moja tu ya kuku anayechechemea: sufuria. Alipofika kwetu Goba akitokea Korogwe, hata mzigo hajautua, alimwona Kamanda kasimama kwa mguu mmoja kando ya banda, akaniuliza kama mchele wa pilau upo.

Kamanda ni jogoo wa Sasso, mwekundu mwili mzima, kilo nne na ushee, na sikumnunua kwa ajili ya pilau. Nikamshika, nikamgeuza miguu juu. Katikati ya unyayo wa kulia, pale penye nyama anapokanyagia, palikuwa pamevimba na pana joto, na kigaga cheusi cha mviringo kimezama humo.

Nikampigia daktari wa mifugo. "Fito wanazolalia kuku wako ziko juu sana," akasema kabla sijamaliza kueleza. Kweli fundi wetu alizipigilia usawa wa kifua changu, na chini ni saruji iliyorushiwa maranda ya kuzugia. Jogoo mzito akijitupa kutoka pale kila alfajiri, unyayo unachubuka, na bakteria wanaoitwa stafilokokasi, ambao hata kwenye ngozi zetu wapo, wanapata mlango. Juu panafunga kigaga, uchafu unabaki ndani. Akanipa maelekezo: loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya Epsom mpaka kigaga kilainike, vaa glovu maana wadudu hao hawachagui kuku wala mtu, kitoe taratibu, safisha kwa iodini, funga, kesho fungua ufunge upya. Kama uvimbe umepanda hadi mguuni au kuku amegoma kula, niache kuchokonoa nimsubiri yeye.

Kugoma kula? Kamanda siku hiyo alikuwa amekula hadi kipande cha sabuni ya kufulia.

Basi jioni tukatoa beseni uani. Mama mkwe akapewa kazi ya kushika. Tulimviringisha kwenye kanga na kumfunika kichwa, maana kuku asipoona hutulia, na kweli mzee akasinzia mguu ukiwa ndani ya maji ya uvuguvugu. Kigaga kilipolegea nikakishika kwa kibano, nikavuta. Sasa, usaha wa kuku hauwi maji maji kama wetu, huganda. Nyuma ya kigaga likafuata donge gumu la njano, punje ya hindi kabisa. Mama mkwe, anayechinja kuku tangu enzi za Mwalimu, akageuza uso pembeni akaomba maji ya kunywa.

Nikapaka iodini, nikaweka pamba. Bendeji niliyonunua, Kamanda alikuwa ameshaipiga teke ikazama kwenye beseni. "Usihangaike mwanangu," akasema mama, akaingia ndani, akarudi amechana kipande cha kanga yake kuukuu ya kisutu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe. Aliyekulia uswahilini anajua rangi hizo tatu zikikutana huwa zinakwenda wapi, ukiacha harusini.

Nilikuwa ndiyo kwanza nakaza fundo. Mama akalegeza mkono anywe maji. Kamanda akachomoka, akapenya kwenye michongoma, mkia wa kisutu unaburuta nyuma, matone ya iodini yanadondoka njia nzima, na mahali pote duniani pa kwenda, akaenda kusimama kibarazani kwa jirani yetu aliyefungua duka la vipodozi juzi tu.

Jua limeshazama. Kamanda akanyoosha shingo, akawika. Jogoo kuwika magharibi!

"Nani kaniletea? Nani kaniletea jamani!"

Nilipofika, mtaa mzima ulikuwa pale. Jirani anarusha chumvi mkono wa kulia na wa kushoto. Kijana wa bodaboda anarekodi kwa simu, lakini kwa mbali. Balozi wa nyumba kumi amesimama na tochi anatangaza asiguse mtu. Na mimi nimetokeza kwenye michongoma, glovu mkononi zimelowa iodini inayofanana na damu, kibano nimekishika, kanga nimejifunga kichwani.

"Shikamoo balozi," nikasema. "Huyo ni mgonjwa wangu."

Hakuna aliyeitikia.

"Anaumwa mguu. Kuna kitu nimemtoa."

"Umemtoa nini?" akauliza balozi, huku akirudi nyuma.

Hapo ndipo mama mkwe alipopita katikati ya watu, kwa nia njema kabisa ya kunitetea, amebeba kisosi. "Hiki hapa kitu chenyewe!" Watu walitawanyika. Kandambili ziliachwa pale pale.

Kilichoniokoa ni simu. Nilimweka daktari kwenye spika, akaeleza mambo yote upya, fito, saruji, bakteria, kigaga. Polepole vichwa vikaanza kurudi. Jirani akauliza, "Daktari, na hapa mlangoni kwangu alipokanyaga?" Akaambiwa paoshwe kwa maji na sabuni. Akapaosha. Kisha akarusha chumvi iliyobaki, maana imeshanunuliwa.

Fito tumezishusha hadi chini ya goti, tumeweka mbao pana iliyopigwa randa, kona zimeviringishwa, na maranda sasa ni mengi na makavu. Kamanda alilazwa kwenye tenga safi, bendeji ya dukani inabadilishwa kila siku, mpaka unyayo ukafunga na kukauka. Tulikuwa na bahati, hakufika kwenye antibiotiki. Angefika, mama angelazimika kusubiri hadi siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa ziishe ndipo aendelee kuulizia mchele.

Usiku mmoja mlango ukagongwa. Balozi. Amevaa koti, na ndani ya koti kuna kitu kinalalama. Akatazama huku na huku, akatoa tetea wa kienyeji.

"Na huyu anachechemea, mama. Nimeona nije kimya kimya."

Nikamwangalia. Nyayo safi, ila magamba ya miguu yameinuka yote, yamekuwa meupe na makavu. Nikamwambia huyu ni utitiri, anakaa chini ya magamba. Hakuna cha kupasua wala kufunga, anasuguliwa kwa maji ya sabuni kisha anapakwa mafuta mazito ya mgando mara kwa mara mpaka magamba yalale, na wenzake bandani wakaguliwe. Nikampaka pale pale.

Balozi hakuondoka.

"Kile kitambaa huniwekei?"

"Huyu hahitaji, balozi."

"Weka tu mama, kile kile chenye rangi tatu," akasema. "Kuna mtu mtaa wa nyuma nina deni langu kwake tangu mwaka jana."