Mrututu au Subira: Kidimbwi Kilichogeuka Chanikiwiti

Kaskazi inapokaza, wenye vidimbwi vya bustani hapa Mombasa hurudia ubishi uleule. Maji yaliyokuwa yakionyesha mpaka kokoto za chini yamegeuka chanikiwiti kwa mwani, mimea midogo ya majini, kandokando yamefanya utelezi, na pampu inakohoa kwa nyuzi za mwani zilizoizonga. Wapo wanaosema tia dawa, siku tatu nyingi maji yatakuwa meupe. Na wapo wanaosema punguza chakula cha samaki, panda yungiyungi, subiri. Wa kwanza huonekana ndio watu wa vitendo. Hawa wa pili huambiwa ni wavivu, au ni watu waliosoma sana habari za mazingira wakasahau kwamba kidimbwi kiliwekwa ili kitazamwe. Nimewasikiliza wote kwa miaka, na naona hawa wa subira wanadhulumiwa. Hoja yao haijasikizwa ikaisha, na kwa joto letu hili anayelipa ni samaki.

Jirani yangu huku Tudor aliuziwa mrututu dukani, ile chumvi ya buluu ya shaba inayoua mwani, akaambiwa konzi moja yatosha. Kidimbwi chake kina urefu wa mita 3, upana wa mita 2, na kina chake ni kama sentimita 60. Alitia mchana. Kesho yake alifurahi, maana ukijani ulikuwa umeanza kufifia na maji yamekuwa na rangi ya chai iliyomwagiwa maziwa. Siku ya tatu, kabla ya adhana ya alfajiri, alinigongea mlango: "Ndugu yangu, njoo uwaone samaki." Tulimulika kwa simu. Tilapia wote walikuwa juu, midomo nje ya maji, wakipapia hewa, mashavu yakifunguka na kufunga haraka. Hawakukimbia mwanga. Nilitia mkono nikamgusa mmoja mgongoni na hakusogea. Jua lilipopanda tulikuwa tumetoa kumi na moja, na konokono walikuwa wamelala chini, vifuniko wazi.

Hapa inafaa kupiga hesabu. Kidimbwi cha ukubwa huo kina lita 3,600. Kipimo kinachotumiwa na wafugaji wa samaki kwa maji yenye chokaa ya kiasi ni kama miligramu 1 ya mrututu kwa lita moja. Kwa lita 3,600 hiyo ni gramu 3.6, haifiki kijiko kimoja cha chai. Konzi ya mtu mzima ni zaidi ya mara kumi ya hapo. Tena kipimo chenyewe hupanda na kushuka kwa kadiri ya chokaa iliyomo majini, kwa sababu chokaa ndiyo inayopunguza ukali wa shaba. Maji ya kisima yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe yana chokaa tele. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati hayana karibu kitu. Aliyejaza kidimbwi cha plastiki kwa mvua za masika, kisha akatia kipimo alichopewa na mwenye kisima, ametia sumu, na wafugaji wenye uzoefu hawathubutu kutumia mrututu kabisa katika maji mepesi namna hiyo.

Lakini tuseme kipimo kilikuwa sawa. Bado kuna jambo la pili, na ndilo ninalotaka lieleweke vizuri kuliko yote. Mwani ukifa wote kwa mpigo, haupotei. Unazama, unaoza, na vijidudu vinavyouozesha vinavuta oksijeni ileile wanayoivuta samaki. Sasa tazama joto. Maji yenye nyuzi joto 10, kama ya bustani za Uingereza wakati wa machipuko, yanaweza kushika zaidi ya miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Maji yenye nyuzi 30, ambayo ndiyo ya kwetu Februari, hushika kama 7.5 tu, hata yakiwa yamekorogwa vizuri. Yaani tunaanza na theluthi moja pungufu. Wakati huohuo joto hilohilo linaharakisha kuoza, na samaki mwenyewe katika maji ya moto anahitaji hewa nyingi zaidi. Mambo matatu yanavutana kuelekea upande mmoja. Ndiyo maana maelekezo yaliyoandikwa kwa watu wa nchi za baridi, yakinakiliwa hapa neno kwa neno, huua. Na ndiyo maana samaki hufa alfajiri: usiku kucha hakuna jua, hakuna jani linalotoa oksijeni, kila kilicho hai majini kinavuta tu, na akiba hufikia chini kabisa karibu na saa kumi na moja.

Wenye dawa wana jibu, na ni jibu zito. Watasema mwani ulio hai nao huvuta oksijeni usiku, kwa hiyo kidimbwi kilichokolea ukijani kinaweza kuua samaki hata bila mtu kutia chochote. Ni kweli tupu. Nimeona vidimbwi ambavyo ukizamisha mkono mpaka kiwiko huvioni vidole, na hali hiyo si ya kuachwa kwa jina la subira. Watasema pia kwamba kuna mwani wa buluu-kijani unaotanda juu kama rangi iliyomwagika, baadhi yake hutoa sumu, na mwenye mbwa au watoto wanaochezea maji hana sababu ya kungoja. Hapo pia nakubaliana nao.

Hoja yao ya mbu ndiyo nisiyoikubali yote. Mji huu umeumwa na dengi zaidi ya mara moja, na mwishoni mwa 2017 ikaingia chikungunya, watu wakatembea wameinama kwa maumivu ya viungo. Hofu ya maji yaliyosimama ina haki yake. Lakini mbu wa dengi na chikungunya anapenda zaidi ndoo, pipa, tairi kuukuu, kisahani chini ya chungu cha maua. Kidimbwi chenye samaki wazima ni mtego kwake, kwa sababu viluwiluwi huliwa. Wazee wetu walilijua hili zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu, birika la maji, yaani tangi la kujengwa, lilifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na ndani yake, kwenye sakafu, kulijengewa bakuli ili maji yakipungua samaki wabaki na pahali pa kukaa. Mtu aliyejenga bakuli lile alifahamu kwamba anayelinda maji ni samaki. Ukimuua samaki ili upate maji meupe, umewafungulia mbu mlango.

Kwa hiyo swali la watu wa subira ni: mwani huu unakula nini? Wakiuliza hivyo huonekana wanakwepa kazi, na kumbe ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 1973 huko Ontario, Kanada, watafiti wakiongozwa na David Schindler waligawa ziwa dogo kwa pazia. Pande zote mbili walitia kaboni na nitrojeni, na upande mmoja wakaongeza fosforasi. Upande wa fosforasi ukawa kijani, wa pili ukabaki kama ulivyokuwa. Picha iliyopigwa kutoka angani inaonyesha mstari wa pazia ukikata rangi mbili kama kanga.

Gramu 1 ya fosforasi inatosha kukuza zaidi ya gramu 100 za mwani mkavu. Chakula cha samaki cha dukani huwa na fosforasi kama asilimia 1, kwa hiyo kilo moja ya chakula ina kama gramu 10. Samaki hawaibakishi yote mwilini. Tuchukue kwamba nusu tu imerudi majini kwa kinyesi na mabaki: gramu 5, yaani nusu kilo ya mwani ukiwa umekauka, na ukiwa mbichi ni ndoo nzima. Kilo moja ya chakula! Na wako wanaowatupia samaki mara tatu kwa siku kwa sababu watoto wanafurahi kuwaona wakija juu. Mrututu hauondoi hata chembe ya fosforasi hiyo. Mwani ukifa unairudisha majini, na baada ya wiki chache mwani mpya unaikuta imeandaliwa. Shaba nayo haiozi. Inabaki kwenye tope, kila dozi juu ya dozi.

Kumwaga maji na kujaza upya, ambako wengi hudhani ni njia ya kati, nako kuna mtego hapa kwetu. Visima vingi vya mjini viko karibu na vyoo vya shimo, na mwamba wa matumbawe una matundu. Maji yake mara nyingi yana naitreti nyingi, rutuba itokayo kwenye vyoo hivyo. Unamwaga mchuzi na kujaza mchuzi mwingine. Anayenunua maji ya mkokoteni kwa mitungi naye anajua hesabu yake mwenyewe.

Kinachofaa ni kazi ya mikono, na ni kazi kweli. Nyuzi za mwani huzungushwa kwenye fimbo yenye makwaruzo kama mtu anayekunja sufi, kisha fungu lile huachwa ukingoni saa chache ili konokono na viluwiluwi vya chura warudi majini, halafu hupelekwa chini ya mgomba. Kila fungu linatoka na fosforasi yake. Kisha kivuli: majani ya yungiyungi yakifunika nusu ya uso wa maji au zaidi kidogo, jua halifiki chini. Kidimbwi kipya cha saruji karibu kila mara huwa kijani wiki za mwanzo, kisha hutulia mimea ikishika. Taa ya miale ya urujuanimno inasafisha maji ya kijani vizuri, ila haigusi nyuzi, na stima ikikatika kazi imesimama. Habari za mabunda ya mabua ya shayiri yanayosifiwa Ulaya tuwaachie wenye shayiri. Na tafadhali, usipande gugu maji. Ni zuri, linameza rutuba haraka, na mvua kubwa ikifurisha kidimbwi litapita mtaroni mpaka kwenye maji ya wengine. Waliolipata Ziwa Victoria bado wanahangaika nalo.

Mrututu ningeukubali mahali pamoja: kidimbwi kisicho na samaki, kwa kipimo cha mizani. Penye samaki, hata ukiwa ni mwani wa sumu, ningeanza kwa kuhamisha samaki. Na anayeng'ang'ania kutia dawa yoyote ya kuua mwani, basi atibu theluthi moja ya kidimbwi kwa wakati, aanze asubuhi, na pampu irushe maji usiku na mchana.

Jirani yangu hakurudi dukani. Alitoa tope lote kwa beseni, akapata mizizi miwili ya yungiyungi la buluu, akaweka samaki wanne badala ya kumi na wawili, na sasa anawalisha mara moja, kiasi kinachoisha kabla hajamaliza kikombe cha kahawa. Miezi miwili ya kwanza maji yalibaki kijani na mkewe alimuuliza kila Ijumaa anangoja nini. Mwezi wa tatu niliziona kokoto. Bado kuna koga laini kwenye ukuta wa saruji, na tilapia hushinda wakiiguguna.