Mwalimu wa elimu maalumu anahitaji mwenzake darasani, si semina nyingine

Mafunzo ya elimu maalumu hapa Tanzania mara nyingi huishia ukumbini. Mwalimu anaitwa semina, anapewa makabrasha, anarudi kwenye kitengo chake, na hakuna anayefuatilia. Ndiyo maana naunga mkono wazo la kuandaa walimu wezeshaji watakaokaa darasani na wenzao na kuwaelekeza namna ya kufundisha kwa kufuatilia tabia ya mtoto. Ila nina sharti.

Chukua mtoto mwenye usonji (autism) anayepiga kelele kila madaftari ya hesabu yanapogawiwa. Mwalimu, huku wengine wakimngoja, anamtoa nje akatulie. Kelele zinaisha, na mtoto amejifunza kwamba akipiga kelele hesabu inaondoka. Mwalimu aliye katikati ya vurugu ni vigumu kuliona hilo. Mwezeshaji aliyekaa nyuma, akiandika kilichotangulia kelele na kilichofuata, ataling'amua mapema. Hapo wawili hao watamfundisha mtoto kuinua kadi ya kuomba kupumzika, watampunguzia maswali, na watampongeza papo hapo anapoitumia.

Faida kubwa zaidi naiona kwenye fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za 1979, zilizorekebishwa 2002, bado zinaruhusu hadi viboko vinne. Ukimwambia mwalimu aache kuchapa bila kumpa njia nyingine, atairudia fimbo siku darasa likimshinda. Mwezeshaji ndiye wa kumpa njia hiyo.

Lakini kufundisha kwa kufuatilia tabia kuna historia chungu. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Los Angeles, Marekani, alieleza kuwa watoto 9 kati ya 19 waliofundishwa zaidi ya saa 40 kwa wiki walifikia kiwango cha kawaida cha akili na masomo. Kazi zake za awali, hata hivyo, zilitumia makofi na shoti za umeme. Na wapo watu wazima wenye usonji, waliopitia mafunzo ya namna hiyo utotoni, wanaosema walichofundishwa ni kuficha walivyo.

Hoja yao naikubali kabisa, na sharti langu linatoka hapo. Katika shule zetu, ambako utulivu huhesabiwa kuwa nidhamu, mwezeshaji aliyeandaliwa nusunusu atamfundisha mtoto kunyamaza, kuacha kupunga mikono na kumtazama mwalimu machoni. Hayo yanampumzisha mwalimu tu. Mtoto anahitaji kujua kuomba maji, kukataa asichotaka, kwenda chooni mwenyewe. Sharti langu ni kwamba afundishwe hayo, na mzazi aulizwe kwanza.

Hoja ya gharama hainitishi sana. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinaandaa walimu wa elimu maalumu, na MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tayari inawakutanisha walimu shuleni kwao. Mwalimu mzoefu wa kitengo apunguziwe vipindi, azungukie shule jirani. Hofu yangu ni mwezeshaji kugeuzwa mkaguzi. Akianza kujaza fomu za kupeleka kwa afisa elimu kata, mwalimu ataandaa somo la maonyesho siku ya ziara, na tabia halisi ya darasa haitaonekana. Anayoyaandika yabaki kati yake na mwalimu, na mzazi akitaka kuyaona, aoneshwe.