Bahari iko mlangoni, boti iko Tanga

Ijumaa iliyopita baada ya isha nilikuwa nimejilaza zangu ukumbini, kahawa tungu pembeni, ndipo mtoto wa ami yangu aliyeko Norwei akarusha vidio kwenye wasap ya familia. Wametoka Denmark na gari lao, yeye na mkewe na watoto, gari likaingia tumboni mwa meli, wao wakapanda juu wakakaa dirishani wakanywa vitu vyao, na masaa matatu na kitu baadaye gari likatokea upande wa pili, nchi nyingine kabisa, hakuna aliyegombana na mtu. Dakika mbili hazijaisha mamangu kajibu, kwa herufi kubwa maana hajui zinavyozimwa na hataki kufundishwa: NA SISI DESEMBA TWENDE HIVYO. PEMBA KISHA ZANZIBAR. NA GARI LETU.

Na wa kupanga nani? Mie. Mie ndiye mwenye laptopu, basi nishakuwa idara ya utalii ya ukoo mzima.

Nimeshinda na hii kazi wiki nzima na leo lazima niyatoe hapa, la sivyo nitamjibu mtu vibaya nyumbani. Swali langu ni moja tu. Inakuwaje Mombasa yetu, mji ulioishi kwa bahari tangu ukiitwa Mvita, mji ambao ni KISIWA jamani, hauna hata boti moja ya abiria inayong'oa nanga hapa kwenda Pemba, Unguja, Tanga au Dar? Hata ya mara moja kwa wiki. Hata mbovu mbovu. Feri tuliyonayo ni ya Likoni, na safari ya Likoni unaimaliza kabla hujamaliza karanga za shilingi kumi.

Hebu fungueni ramani kwenye simu. Kutoka Shimoni, huku kwetu pwani ya kusini, mpaka Wete kule Pemba ukipiga mstari juu ya maji ni kama kilomita 60. Ni nusu ya Mombasa kwenda Malindi, na Malindi watu wanaenda kuhudhuria nikahi na kurudi kulala kwao. Lakini mie na mamangu ili tufike Wete kwa njia ya halali inabidi tuteremke mpaka Lunga Lunga, kama kilomita 100, tugongwe muhuri, tuvuke Horohoro, twende kilomita 65 nyingine hivi mpaka Tanga, tungoje siku ya meli, halafu ndio tuivuke bahari ileile tuliyokuwa nayo mkono wa kushoto tangu asubuhi. Na njiani tunaipita kona ya kuingilia Shimoni! Yaani unaupita mlango ukazunguke nyumba nzima kutafuta dirisha.

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa jahazi. Akishuka na kaskazi akipanda na kusi, Bandari ya Kale anaijua kama chumba chake. Akipeleka boriti, akirudi na nazi na karafuu, na hizo karafuu nashuku hazikupita forodhani lakini marehemu hasemwi. Mamangu alipanda lile jahazi akiwa msichana mdogo, amekaa kwenye mkeka na mamake, wakaenda Wete kwa jamaa zetu wakakaa mwezi. Jamaa hao wapo mpaka leo. Zamani tulikuwa tukionana kwenye harusi, baadaye ikabaki misiba tu, na siku hizi hata msiba watu wanatumiana pesa kwa simu na pole ya sauti ya sekunde arubaini. Sio kwamba hatupendani. Nauli na mzunguko, ndio vimetuua.

Na msiniambie watu hawavuki. Januari 2001, baada ya zile vurugu za siasa kule Pemba, watu zaidi ya 2,000 walivuka kwa mashua wakateremka Shimoni na wakapokewa. Siku hizo bahari haikuwa kubwa. Halafu mwaka 2023 serikali yetu ikawatambua Wapemba wanaoishi huku kuwa ni Wakenya, jambo jema, nililipigia makofi ya kweli kwa sababu kuna watu Kilifi na Kwale wamezaliwa hapa, wamezika hapa, na kitambulisho hawana. Sasa mmewatambua wenyewe, njia waliyojia mbona hamuitambui?

Lakini kinachonichoma zaidi ni zile meli kubwa za watalii. Pale Kilindini tuna jengo maridadi la kupokea abiria wa meli, ukiliona unajua pesa imetumika. Meli inaingia na wazee wa Kizungu na kofia zao, wanaletwa Fort Jesus, wanapiga picha mlango wa mtu bila kubisha hodi, wanarudi melini, na kituo kinachofuata mara nyingi ni wapi? Zanzibar! Kwa hiyo gati lipo, maji yapo, afisa wa kugonga paspoti yupo na wino anao. Mzee wa Hamburg anaweza kutoka Mombasa akafika Unguja kwa bahari bila kuteremka kitandani. Mjukuu wa baharia wa Mombasa hawezi. Asanteni sana.

Wakubwa mtakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwepo boti ya kasi, ikitoka hapa ikigusa Pemba na Unguja mpaka Dar. Ikafa, na hatukufanya hata matanga.

Haya, Mgala muue na haki umpe. Boti inakula mafuta, na boti ikienda nusu tupu mwenyewe anafilisika. Kusi likivuma, mwezi wa sita mpaka wa nane huko, mkondo wa Pemba si wa masikhara. Na hakuna mtu wa pwani aliyesahau Spice Islander, Septemba 2011, ilivyojazwa watu kama dagaa ikazama Nungwi ikielekea Pemba, wala Skagit Julai ya mwaka uliofuata. Nakubali yote hayo. Lakini jawabu la chombo kibovu ni chombo kizuri, na kuhesabu watu mlangoni. Huwezi kuniambia barabarani pia watu wanakufa kwa hiyo tufunge barabara. Na ile hoja ya magendo ndio inanichekesha kabisa, kwani magendo tangu lini yakangoja boti yenye tiketi na ratiba?

Nshapoa kidogo. Turudi kwenye safari maana kwenye groupu wameanza kuuliza rangi ya fulana.

Kwanza nilipokea mapendekezo ambayo sikuyaomba. Kaka yangu mkubwa kasema si bora Dubai. Kaka, tumekusikia. Mwengine kataka Uganda, visiwa vya Ssese, feri inatoka Nakiwogo pale Entebbe, hiyo ni nzuri tumeiweka mwakani. Na kijana mmoja wetu, msomaji sana, kang'ang'ania twende Kigoma tukaione Liemba, ile meli ya Wajerumani iliyoshushwa majini 1915, wakaizamisha wenyewe 1916 isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiibua 1924 ikaendelea kubeba watu Ziwa Tanganyika. Hadithi tamu, wallahi niliisoma mpaka usiku. Lakini kutoka Mombasa mpaka Kigoma na mamangu na magoti yake yale? Kijana aende, atuletee picha.

Kwa hiyo mzunguko niliouamua ni huu: Mombasa, Lunga Lunga, Tanga, Pemba, Unguja, kisha turudi Tanga, tupande Lushoto, tutokee Holili na Taveta, turudi nyumbani kwa Voi. Unavuka mpaka mara mbili pande mbili tofauti na barabara huirudii hata kipande, isipokuwa ile bahari, na bahari hata ukiirudia mara kumi ni mpya.

Ile NA GARI LETU ndio imeleta kikao. Meli inayobeba magari ipo kati ya Tanga, Pemba na Unguja, ila haitoki kila siku, uliza bandarini kwenyewe usiamini picha ya ratiba ya mwaka juzi inayozunguka wasap. Shida si meli. Shida ni kwamba gari la namba za Kenya limeshaandikiwa karatasi zake Horohoro, ukilipeleka visiwani unaanza kujieleza upya, Zanzibar wana mamlaka yao ya mapato na taratibu zao. Kwa siku tano? Gari litalala Ngamiani pale Tanga, uani kwa jamaa, na sisi tutavuka na begi. Mamangu alinyamaza kwenye groupu siku mbili. Kimya chake kinasikika mpaka Changamwe.

Makaratasi sasa, na hapa nina ushahidi wa mwili wangu. Kuna kadi mbili za manjano na watu wanazichanganya. Moja ni ya gari, bima ile ya COMESA, na Tanzania wanaikubali japo COMESA wenyewe hawamo. Nyingine ni ya mtu, chanjo ya homa ya manjano. Mwaka fulani tulikuwa na harusi Tanga, mie nimejipanga, kanzu imepigwa pasi, ya gari nimeikata wiki nzima kabla, nafika mpakani naulizwa kadi ya manjano naitoa kwa madaha, afisa kaiangalia kaniangalia akasema hii ni ya gari mzee, wewe je? Ya kwangu ilikuwa juu ya friji, nyumbani. Kosa langu mia kwa mia. Nililala Lunga Lunga kungoja bahasha iliyoletwa kwa matatu ya Likoni, nikafika Tanga biriani imebaki masala, nyama hadithi.

Nyingine: logbuku iwe ya jina lako, kama gari bado ni la benki chukua barua yao, na ada ya gari la kigeni inahesabiwa kwa dola. Na paspoti. Hapa tena damu inachemka, maana mie kwa kitambulisho changu tu naweza kwenda Kampala, naweza kwenda Kigali, zaidi ya kilomita elfu moja na watu nisiowajua, huu ni mwaka wa ngapi tangu 2014. Tanga alikozikwa shangazi yangu, paspoti.

Ukishavuka, punguza mguu. Kila kijiji kina kibao cha 50, na vijiji vya kule vimeshikana mikono, na nyuma ya mwembe kuna trafiki wa nguo nyeupe ameshika tochi, na hiyo tochi haimuliki, inapima mwendo. Mie sibishani nao, hamsini ni hamsini, unapata na nafasi ya kununua machungwa ya Muheza kwa dirisha.

Tanga yenyewe wanaiita waja leo waondoka leo, na mie nimewapa usiku mmoja tu, nitasemwa. Mapango ya Amboni yako njiani kabla hujaingia mjini, watoto wataona popo, basi. Desemba kaskazi ndio linaanza kwa hiyo natarajia bahari ya adabu. Pemba siku mbili kwa jamaa, nimeshaambiwa hoteli nisithubutu kuitaja. Unguja siku tatu, urojo, na Forodhani jioni mpaka tumbo likatae.

Halafu Lushoto, ambayo ndiyo nimeichomeka mie bila kuuliza mtu. Unatoka Mombo joto la kukufa, unapanda milima ya Usambara kona kwa kona kilomita thelathini na kitu, na kule juu, mita kama 1,400 kutoka baharini, khala wangu asiyemiliki sweta tangu azaliwe atajifunga leso tatu. Pale Irente unasimama kwenye ukingo wa mwamba unaona nchi nzima imelala chini. Nilisimama pale mara moja peke yangu, nikasikitika sina wa kumwambia "ona". Ndio sababu nawabeba wote hawa.

Kushuka ni Same, Himo, Holili, unavuka Taveta, kukiwa wazi Kilimanjaro yote mita 5,895 inakuangalia mgongoni, na ziwa Chala limejificha ndani ya shimo lake nusu letu nusu lao. Kisha lami mpaka Voi ukipita Tsavo, tembo wakiamua kuvuka unazima injini na unasema bismillahi.

Jana usiku nikaituma yote kwenye groupu, siku kwa siku, na hesabu za mafuta. Kaka wa Dubai kaweka dole gumba. Khala kauliza kama anaweza kubeba pipa la barafu la samaki. Mamangu akakaa kimya mpaka alfajiri, kisha zikaingia meseji mbili.

TUKIFIKA KONA YA SHIMONI TUINGIE KIDOGO. NIONYESHWE TU PEMBA IKO UPANDE GANI.

Nikajibu sawa mama, tutaingia.

NA KADI YA MANJANO USISAHAU. YAKO WEWE SI YA GARI.